Vanga hadi Mida: siku sita za mikoko, kaya na tengefu

Ukiipita pwani ya Kenya kutoka mpaka wa Tanzania kwenda kaskazini, unakuta vipande vya msitu na vya bahari ambavyo bado vimesimama, na kando yake vipande vilivyokwisha. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile, na mara nyingi hata ukoo ni mmoja. Kinachotofautiana ni nani alisema "hapa pasiguswe", na siku mtu alipogusa alifanywa nini. Njia hii ya siku sita inafuata swali hilo.

Kabla ya kalenda ya ukutani, angalia mwezi. Ukiondoka siku ya saba tangu mwezi kuandama, siku ya pili itakukuta na maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, na ndiyo maji ya kupandia mikoko. Siku ya sita bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, linakuwa njiani. Beba viatu vya kuingia topeni vinavyofungwa kwa kamba. Ndala hubaki topeni.

Siku ya 1: Likoni, Lunga Lunga, Vanga

Vuka feri alfajiri, kabla ya msongamano. Barabara ya lami inakwenda hadi Lunga Lunga, na kabla ya mpaka unakata kushoto kuelekea baharini. Vanga ni mji wa mwisho. Bamvua kubwa likija, maji huingia mpaka mitaani, kwa hiyo hakuna haja ya semina kueleza kazi ya mikoko.

Kazi ya kwanza ni kujifunza majina, maana anayeita kila mti "mkoko" hajui anachokilinda. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi ya magongo. Mlilana husimama mbele kabisa, miguu ndani ya maji. Nyuma ya mkoko wapo muia, ambao wengine huuita msinzi, na mkandaa, ambao gome lake lilitumika kutia rangi na kulainisha ngozi. Mchu huvumilia chumvi kuliko wote. Hukaa nyuma karibu na nchi kavu, ingawa mahali pengine hutokea mbele pia. Mkomafi unaujua kwa tunda lake la duara, kubwa kama mpira.

Mafundi nao wana majina yao, ya unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Hapo ndipo uharibifu unapojificha. Soko linataka miti ya unene wa kati iliyonyooka. Mkataji haangushi msitu, anauchagua. Ukiutazama kwa mbali bado ni kijani, ila ndani imebaki miti iliyopinda na vigogo visivyo na mteja. Picha ya setilaiti inaweza isione kitu, lakini anayepita humo kila siku akienda kwenye kaa anaona.

Sheria zilikuwepo. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, na mwaka 1982 kusafirisha boriti nje ya nchi kukapigwa marufuku. Zote mbili zilitegemea askari wachache wanaokaa mbali. Kilichobadilisha mambo ni sheria ya misitu ya 2005, iliyoruhusu wanakijiji kuunda chama cha msitu na kutia saini makubaliano ya usimamizi na serikali. Vanga, Jimbo na Kiwegu zikaungana, zikachukua silabi ya kwanza ya kila jina, na chama kikaitwa VAJIKI. Sasa vijiji hivyo vitatu vinasimamia hekta 460 chini ya mradi wa kaboni, yaani vinalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti yao huihifadhi. Jina hilo halikuchaguliwa kwa urembo tu. Kamati ikiitwa jina la kijiji kimoja, vijiji vingine viwili huendelea kukata.

Msikitini nako kuna kazi. Hoja ya khalifa, kwamba mwanadamu amepewa ardhi kama amana, na aya za Surat Ar-Rahman zinazokataza kupunja mizani, huingia kwenye hotuba ya Ijumaa bila kulazimishwa. Mfano unaotajwa sana uko ng'ambo ya bahari, Pemba, katika kisiwa cha Misali, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1998. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri alikitumia kisiwa kuwa msala wake, ndipo jina. Wavuvi ambao hawakujali kanuni za idara ya uvuvi walisikiliza hoja ya dini. Tahadhari: hotuba hufanya kazi pale ambapo khatibu mwenyewe anajulikana hanunui boriti za wizi. Mji ni mdogo, na kila mtu anajua nyumba ya nani imeezekwa kwa nini.

Siku ya 2: Gazi

Rudi kaskazini hadi Gazi, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Hapa ndipo pa kukaa siku nzima.

Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hii ilikatwa kwa kuni za viwanda, za kuchomea chokaa na matofali. Sehemu zilizobaki wazi hazikujirudia zenyewe: jua lilikausha tope, chumvi ikapanda, mbegu zilizoletwa na maji zikashindwa kushika. Upandaji ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 na watafiti wa taasisi ya bahari, KMFRI. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza kuuza kaboni ya hekta 117 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Kiasi kinachouzwa ni takriban tani 3,000 kwa mwaka.

Kupanda mkoko kunaonekana rahisi, ndiyo maana watu wengi hupanda vibaya. Taratibu ni hizi.

Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, na huning'inia kama fimbo ya kijani. Chukua iliyokomaa: pale inapoungana na tunda kuna shingo iliyogeuka manjano, na ukiivuta kidogo inaachia. Ikikataa, iache. Zilizookotwa chini angalia kama zina matundu ya wadudu. Yenye tundu itupe. Ziweke kivulini siku kadhaa kabla ya kupanda, zinyauke kidogo, kwa sababu kaa hupenda mbegu mbichi yenye maji.

Panda maji yakiwa mafu, wakati wa kupwa. Chomeka theluthi moja ya urefu ndani ya tope, upande wenye ncha ya chipukizi juu. Mgeni akipewa fimbo hiyo bila maelezo ataichomeka kichwa chini, na haitaota. Nafasi ni mita 1 kwa mita 1, yaani miche 10,000 kwa hekta. Usitoboe shimo kubwa kwa mti kisha ukaidumbukiza: maji hujaa, mbegu hulegea, na bamvua la kwanza huichukua.

Kosa kubwa kuliko yote ni mahali. Kwa kuwa mbegu ya mkoko ni rahisi kuokota, vikundi vingi huupanda mkoko kila mahali, hata mbele kwenye makazi ya mlilana, ambako mawimbi huung'oa na magamba ya bahari hujibandika kwenye shina hadi linainama. Pengine huupanda nyuma kabisa kwenye chumvi kali ambako ni mchu tu unaoweza kuishi. Mlilana na mchu vinahitaji kitalu. Tunda la mlilana lina mbegu ndogo nyingi. Hupondwa, hulowekwa, husiwa kwenye tope laini. Mbegu ya mchu hulowekwa mpaka ganda litoke, kisha hupandwa kwenye mifuko. Ni kazi ya miezi, na si ya kupigia picha, ndiyo maana wafadhili huipita.

Kupima nako kuna namna yake. Miti hupimwa kwenye viwanja vya kudumu vya mita 10 kwa 10. Mti wa kawaida hupimwa unene kwenye urefu wa mita 1.3, lakini mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa gongo ulio juu kuliko yote, la sivyo utapima mizizi badala ya shina. Vijana wa kijiji ndio wanaopima. Hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu aliyeandika namba ya mti daftarini hawezi kuukata usiku bila kujua kwamba mwakani ataulizwa ulikwenda wapi.

Halafu pesa. Kamati haigawi, inaitisha baraza la kijiji, watu wanataja mahitaji, wanabishana, wanaamua. Ndivyo maji ya bomba na vitabu vya shule vilivyopatikana. Hakuna mtu anayepewa noti mkononi, na mwanzoni hilo huwakera wengi. Lakini noti ikigawiwa kwa kila nyumba ni ndogo mno kuzuia mtu asikate, na mgao wenyewe huzaa ugomvi. Bomba la maji linaonekana kila asubuhi na kila mwenye ndoo. Mkataji akikamatwa, hawi adui wa idara ya misitu. Ni mtu aliyewaibia mama zake maji. Aibu hiyo ina uzito kuliko faini.

Hata hivyo aibu haijengi nyumba. Watu bado wanahitaji pau na kuni, kwa hiyo mradi ulipanda mivinje nchi kavu. Mvinje hunyooka, hukua haraka, na baada ya miaka michache hutoa nguzo. Mradi wa mikoko usio na shamba la mvinje unahamisha shoka tu, kutoka msitu wake kwenda msitu wa jirani.

Kabla ya jua kuzama pita kwenye njia ya mbao ya kikundi cha wanawake. Kiingilio ni chao, na chakula cha samaki pia.

Siku ya 3: Kaya Kinondo

Kutoka Gazi hadi Kinondo ni safari fupi. Msitu wenyewe ni hekta 30 tu juu ya mwamba wa matumbawe, karibu na hoteli za Diani.

Kaya ilikuwa ngome: kijiji katikati ya msitu, njia nyembamba, malango, na fingo lililozikwa kulinda mahali. Wamijikenda walianza kuzijenga karne ya 16 na wakawa wamezihama kufikia miaka ya 1940, lakini makaburi na nguvu za wahenga zilibaki, na msitu ukabaki kwa ajili yake. Mwaka 2008 misitu 10 ya kaya iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Kinondo ilifunguliwa kwa wageni mwaka 2001, kwa masharti ya wazee. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, huvua kofia, hufuata njia iliyoonyeshwa. Hachukui kitu, hata jani, hata jiwe. Mti ulioanguka huachwa pale pale. Kwa macho ya mtaalamu wa misitu sharti hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa: gogo linalooza ni nyumba ya wadudu na kuvu, na ni mbolea juu ya mwamba ambao hauna udongo wa kutosha. Mzee haelezi hivyo. Yeye anasema si chako.

Nguvu ya mwiko ni kwamba unalinda usiku. Aliyekata mti akaumwa, au mwanawe akaumwa, huja mwenyewe kwa wazee kukiri, na hutozwa kuku au mbuzi wa kutakasa. Hakuna idara yenye bajeti ya kumfanya mhalifu ajilete. Udhaifu wake nao ni huo huo: humshika anayeuamini. Mwenye tingatinga kutoka mbali hana habari na fingo. Kaya za ufuoni Diani zilimegwa kuwa viwanja vya hoteli wakati wazee wapo na mwiko upo. Kwa hiyo mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa chini ya Makumbusho ya Taifa. Mwenyeji anazuiwa na wahenga, mgeni anazuiwa na gazeti la serikali, na ukiondoa kimojawapo msitu unavuja upande mmoja.

Wadigo, Wamijikenda wa huku kusini, wengi ni Waislamu, na wapo wanaoiona kaya kuwa shirki. Wazee wenye busara hawabishani. Husema hapa ni makaburi ya babu zetu, na kaburi linaheshimiwa katika kila dini.

Siku ya 4: Rabai

Vuka Likoni, toka Mombasa kwa barabara ya Nairobi hadi Mazeras, kata kulia. Rabai ndipo wamisionari Krapf na Rebmann walipoweka misheni katikati ya karne ya 19, na kaya za Warabai, kama Mudzimuvya, Bomu na Fimboni, ziko kwenye vilima jirani. Kanisa na kaya vimekaa pamoja zaidi ya miaka 170.

Hapa usitafute mandhari, tafuta mpaka. Tembea ukingo wa msitu uone mashamba yanavyousogelea. Moto wa kusafishia shamba mwishoni mwa kiangazi ndio adui mkuu, kwa sababu hauna nia mbaya: mtu anachoma kwake, upepo unageuka. Dawa ni kufyeka ukanda ulio wazi kati ya shamba na msitu, kuchoma asubuhi umande ukiwepo, na kumwarifu mzee kabla ya kuwasha. Sharti la kumwarifu linaonekana dogo, lakini ndilo linaloleta majirani wenye matawi mabichi ya kuzimia.

Baraza la wazee, yaani kambi, hukutana kwenye moro, uwanja wa katikati ya kaya. Tatizo ni kwamba wanakwisha. Kaunti ya Kilifi ina historia chungu ya wazee kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya shutuma mara nyingi kuna shamba ambalo vijana wanalitaka. Mzee aliyekuwa akiogopwa msituni sasa anaogopa nyumbani kwake. Wapo wanaopaka rangi mvi. Mradi wowote wa kuhifadhi kaya unaopanda miche lakini haugusi suala hilo la ardhi na usalama wa wazee unamwagilia jani na kuacha mzizi.

Siku ya 5: Kuruwitu

Kaskazini mwa Mtwapa, Vipingo, kata kulia kwenda ufuoni. Wavuvi na wakazi walianzisha chama chao mwaka 2003, na miaka miwili baadaye wakafunga eneo la hekta 30 hivi wasivue kabisa. Wakaliita tengefu, kutoka kutenga, na neno hilo limeenea pwani nzima. Lina faida juu ya "hifadhi": hifadhi ni ya serikali na ina lango, tengefu ni chakula kilichowekwa kando na wenye nyumba.

Eneo ni dogo na liko karibu. Mtu akisimama ufuoni analiona lote, na ulinzi hauhitaji mashine wala petroli. Vijiji vinavyojaribu kufunga eneo kubwa la mbali hushindwa kwa hesabu ya mafuta tu.

Kilichokuwa kimeharibu mwamba ni juya, wavu unaokokotwa chini, ambalo Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001, na uvuvi wa kupita kiasi. Athari yake si samaki kupungua tu. Samaki aitwaye kikande anakula wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaochoma miguu. Kikande akiisha, wao hujaa na kuutafuna mwamba hadi unabaki uchi. Ukifunga eneo, tafi hurudi mapema kwa sababu hukua upesi; kikande huchukua miaka mingi, na chewa zaidi. Kiongozi anayewaahidi wavuvi mabadiliko ndani ya miezi sita atapoteza kiti chake kabla kikande hajarudi. Anayeahidi tafi kwanza hudumu.

Nje ya tengefu, jambo la kuiga ni malema, mitego ya samaki ya kusukwa, yenye mwanya. Lema la kawaida hukamata kila kitu, hata vitoto. Ukiacha kwenye kona mwanya wima wa upana wa sentimita 3 hadi 4, wadogo hutoka na wakubwa hubaki. Fundi huongeza dakika chache tu. Wiki za kwanza mvuvi hulalamika kwamba lema limekuwa jepesi. Hesabu hubadilika anapouza samaki wakubwa kwa kilo badala ya fungu la vidogo.

Kuotesha matumbawe ni kazi ya pili. Vipande vilivyovunjwa na mawimbi huokotwa, havivunjwi vipya, hubandikwa kwenye vitako vya saruji, na vitako hupangwa juu ya meza chini ya maji kwa miezi kadhaa. Lazima mwani usuguliwe kwa brashi mara kwa mara, au utavifunika. Kisha huhamishiwa mwambani. Joto la bahari likipanda, kama mwaka 1998 na 2016, matumbawe hupauka na mengi hufa hata ndani ya tengefu. Hapo kamati haina la kufanya, na ni vizuri watu waambiwe hivyo mapema, wasije wakadhani mlinzi alilala.

Siku ya 6: Mida na Gede

Vuka daraja la Kilifi. Kulia kwa barabara ni mkono wa bahari wa Mida. Kushoto ni msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420.

Mida kuna njia ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko. Kiingilio chake huenda kwenye mpango wa ASSETS, ulioanzishwa 2001 na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, unaolipia karo za sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu na mkono huu wa bahari. Mzazi naye ana wajibu: kuhudhuria mafunzo, kupanda miti, kutoharibu msitu. Karo ni hesabu ambayo kila mzazi wa pwani anaijua kwa muhula.

Malizia Gede, kwenye mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993 wakati majirani wengi walitaka msitu ugawanywe mashamba. Wakulima hufuga vipepeo pembeni mwa msitu na kuuza pupa nchi za nje. Hatua zake: pata vipepeo wazazi msituni, waweke kwenye kizimba cha neti chenye mche wa chakula chao, kusanya mayai, wahamishie viwavi kwenye majani mabichi kila siku. Kila jamii ina mti wake. Ukikosea jani, kiwavi hafi haraka, hukataa tu kula mpaka afe. Wanaoshindwa mara nyingi ni wale walionunua neti kabla ya kupanda miche: viwavi huisha majani siku ya nne, na mkulima huingia msituni kukata matawi, jambo ambalo mradi ulikuja kulizuia. Siafu nao hupanda miguu ya kizimba, kwa hiyo kila mguu husimama ndani ya kopo la maji au hupakwa grisi.

Pupa hukusanywa ndani ya siku moja au mbili tangu zigeuke, na hupelekwa Gede zikiwa zimepangwa zisigongane. Hapo hukaguliwa moja moja, huwekwa kwenye pamba na kuanza safari ya ndege. Muda wote hadi kufunguka ni siku chache tu, kwa hiyo mkulima wa mbali huamka usiku. Pupa iliyochelewa hufunguka njiani, na kipepeo aliyefunguka ndani ya sanduku halipwi.